Maziwa Juu ya Jiwe

Ninaandika haya kwa ajili ya wazee wenzangu wanaoketi ukutani mwa nyumba zao wakiutazama mlima bila kuuona. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe na mjukuu, na mjukuu akichoka apewe ndizi mbivu aendelee. Sina dawa ya kuwapa. Nina habari za ugonjwa wangu tu, na za rafiki yangu Gaspari, ambaye alinitoa ndani yake, nami nikashindwa kumtoa yeye alipoingia. Mniwie radhi kwa mwandiko. Herufi nilifundishwa na wamisioni nilipokuwa tayari na ndevu, na kalamu yangu hutembea kama kuku aliyekanyaga matope.

Naitwa Stefano. Nimezaliwa Kibabi na nimelima Kibabi. Zaidi ya jembe, mikono yangu ilijua kusuka: vikapu, nyungo, na hasa machela. Kilima chetu hakina njia ya gari, kwa hiyo mgonjwa hubebwa. Mianzi miwili mirefu, kitanda cha kamba katikati, wanaume wanne chini yake, na wengine nyuma wakingoja zamu. Ukikutana na machela njiani, unaweka mzigo wako chini na kuingiza bega, hata kama humjui mgonjwa. Asiyebeba habebwi. Machela ya kilima chetu niliisuka mimi, na ilitundikwa chini ya paa la kapita, yule aliyesimamia kazi za serikali kwetu.

Mke wangu Veronika alikufa wakati wa kupalilia maharagwe. Kifua kilimbana, na kabla hatujamaliza kushauriana tumpeleke wapi, akawa amekwisha. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakakaa nami mpaka matanga yakaondolewa, kisha kila mmoja akarudi shambani kwake. Sina lawama. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nami nilisimama vizuri siku zile zote, hata wakasema Stefano ni mwanamume.

Ugonjwa ulikuja baadaye, wakati wa kuvuna maharagwe yale yale aliyoyapanda. Hakukuwa na homa wala kikohozi. Asubuhi moja niliamka nikakuta mwili umekuwa mzito, kama gunia lililonyeshewa. Chakula kilikosa ladha, chumvi na majivu vikawa kitu kimoja mdomoni. Mkanda wangu uliingia tundu jingine, kisha jingine, mpaka ikabidi nitoboe mapya kwa msumari. Ndevu niliziacha zikaota zinavyotaka. Watu wakisema nami, nilisikia sauti zao kwa mbali, na nilipotaka kujibu, jibu lilikuwa limeshachoka kabla ya kufika ulimini. Kulia sikuweza. Laiti ningaliweza, maana machozi angalau watu huyaelewa.

Mwanangu Andrea, anayekaa nami pamoja na mkewe Sifa, ni kijana mwenye adabu. Namsifu kwa hilo, ingawa adabu yake nusura inizike. Aliponiona nimesimama katikati ya tuta, jembe mkononi, nikiwa nimesahau nilichokuja kufanya, alilichukua kwa mikono miwili.

"Papa, umetumika ya kutosha," aliniambia. "Ikala tu ku jua. Shiye batoto tuko."

Sifa naye akakipandisha darini kisu changu cha kusukia, nisije nikajikata. Majirani walipopika pombe ya ndizi hawakuniita tena kwenye mtungi. Walinitumia fungu langu nyumbani, ndani ya kibuyu kizuri, kama mzee anavyostahili. Kila mtu alinitendea heshima. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilifanywa mgeni katika nyumba niliyoijenga mwenyewe, na siku yangu ya tatu haikufika.

Mvua za Septemba zilipoanza, Andrea alinipeleka dispansari. Mnaolijua benchi la dispansari mnajua kwamba ni ugonjwa wa pili. Tuliketi tumebanana, kina mama na watoto wenye vidonda, vijana wa kazi ya barabara wenye miguu iliyopondwa na mawe, na mimi, mzee asiye na kidonda, nikila nafasi ya watu. Zamu yangu ilipofika, muuguzi aliniuliza bila kuinua macho:

"Papa, iko wapi inauma?"

"Haiumi."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanionea huruma. "Muandike kichwa," akamwambia. "Kichwa ya muzee haikose kuuma."

Akaandika kichwa. Nikachomwa pikire, na wiki iliyofuata nyingine, na mvua yote ikapita nikichomwa. Makalio yaliniuma, na angalau hapo nikawa na mahali pa kuonyesha. Jambo moja tu la benchi lile nalikumbuka kwa wema. Yule mama alitaka kutoka nje, akanitupia mtoto wake mapajani bila kuniuliza kama naweza. Mtoto alikuwa na joto la homa, akalala kifuani pangu, nami sikusogea hata nzi walipotua usoni. Mama aliporudi na kumchukua, mikono yangu ilibaki hivyo hivyo, imekunjwa juu ya hewa.

Mvua zilipokwisha bila nafuu, wakasema huenda ni mahali. Nyumba imejaa marehemu, abadilishiwe hewa. Nikapelekwa kwa binti yangu Paulina, aliyeolewa huko Itebero, chini msituni upande wa Walikale. Tuliteremka mpaka barabarani, tukapanda kamio, gari la mizigo la mfanyabiashara, juu ya magunia, kisha tukatembea, tukalala, tukatembea tena, mpaka miti ikafunga kila upande. Mimi ni mtu wa mlimani. Nimezoea kuamka na kuona moshi wa jirani kwenye kilima cha pili nikajua kwamba naye yuko hai. Itebero sikuona hata ng'ambo ya ua. Mvua ilinyesha juu ya majani, na ikiacha kunyesha mbinguni, majani yaliendelea kunyesha yenyewe.

Zaidi ya hayo nilikuwa nyumbani kwa mkwe wangu, kijana wa kuchimba mawe ya bati kwa Wazungu. Mnajua baba mkwe ni mtu wa kuogopwa. Alikula mbali nami, alipita kando yangu ameinama, akitaka kucheka na mkewe alikwenda nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimewaziba wote pumzi. Paulina alinipikia samaki wa mto, akanipikia sombe ya majani ya muhogo, akakaa akinitazama nisivyokula.

"Papa, sema tu kile unataka," alinisihi. "Hata kama iko mbali, tutatafuta."

"Sitaki kitu, binti yangu."

"Njo ile inaniogopesha," akasema, akafunika uso kwa kitenge.

Niliyaona machozi yake na sikuhisi lolote. Nawaambia hili kwa sababu ndilo baya kuliko yote, na wengine mtalikuta. Unaona mtoto wako analia kwa ajili yako na moyoni ni kimya tu, kama mtungi uliopinduliwa. Wasomi wa dini waliniambia Mungu hatupi mzigo tusioweza kuubeba. Adhabu ya kaburi aijua maiti.

Walinirudisha Kibabi kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka. Hapo nikaacha kula. Sikuamua kufa, msinielewe vibaya. Kuamua ni kazi, na mimi sikuwa na nguvu za kazi. Niliacha tu. Wazee wa kilima wakakutana, wakasema Stefano apelekwe hospitali ya misioni, na machela ikateremshwa.

Miguu yangu ilikuwa mizima. Niliwaambia. Lakini mtu mzima haonyeshwi barabarani akiyumba kama mlevi, wakasema, ni aibu ya kilima kizima. Nikalazwa kwenye machela niliyoisuka mwenyewe, nikafunikwa shuka mpaka kidevuni, tukaondoka. Njiani wanaume walivua kofia. Wanawake walipiga magoti kando ya njia. Nilikuwa maiti mwenye masikio.

Kichwani, upande wa kulia, alibeba Gaspari. Huyu alikuwa mfugaji wa malisho ya juu, mrefu, mwembamba, na kofia ambayo hata ng'ombe wangeikataa. Tulijuana tangu ujana. Yeye aliongea na ng'ombe wake kwa Kinyarwanda, mimi niliongea na maharagwe yangu kwa Kihunde, na sisi wawili tulikutana katika Kiswahili. Veronika alimpa maharagwe, yeye akatuletea maziwa, na hatukuwahi kuulizana nani amepunjwa. Alikuwa amezika mkewe kabla yangu. Sikukumbuka kumuuliza alipitaje hapo, maana asubuhi baada ya mazishi watu walimwona akikamua kama kawaida.

Basi tulipokuwa tunapanda, nikasikia machela inalia karibu na sikio langu. Kri, kri. Nikageuza macho. Mtu alikuwa ameifunga upya kamba ya upande wa kichwa, na ameifunga kijinga, fundo moja juu ya jingine, kama anafunga mbuzi. Kila hatua lilikuwa linalegea. Nilijaribu kufumba macho. Kri. Nikajaribu kumfikiria Mungu. Kri, kri. Ule upumbavu wa lile fundo ukaniingia mwilini, na nikatambua, kwa mshangao, kwamba ninataka kitu.

"Teremusha," nikasema.

Walisimama kwa hofu. Wakadhani nataka kujisaidia, wengine wakadhani ni neno la mwisho. Waliponiweka chini nikakaa kitako, nikalifungua fundo lile, nikazungusha kamba mara inavyotakiwa, nikaivuta kwa meno maana vidole vilikuwa dhaifu. Kapita akaanza kusema, lala, Papa Stefano, hii kazi ya vijana. Gaspari akamzuia kwa mkono.

"Muache amalize." Kisha akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mugonjwa gani huyu anatengeneza machela yake njiani?"

Hospitali hawakuona kitu. Walinilaza, wakanipima, wakaniogesha, wakanipa vidonge vya nguvu, na sista mmoja akanishika mkono muda mrefu, Mungu amlipe. Kisha wakanirudisha. Ningeweza kuwaambia kwamba niliporudi nilikuwa mpya, lakini ningedanganya. Niliporudi niliketi tena ukutani.

Ni Gaspari aliyebadilisha mambo, na alifanya jambo ambalo kilima kizima kiliona ni utovu wa adabu. Siku zote maziwa yangu yaliletwa mpaka mlangoni, Sifa akayapokea. Gaspari akamwambia Sifa basi. Akashuka mwenyewe asubuhi, akaweka kibuyu juu ya lile jiwe pana karibu na chemchemi, kisha akapiga kelele kutoka huko:

"Stefano! Maziwa iko ku jiwe. Ukitaka, kuja ubebe."

Sikwenda. Kesho yake akaweka tena, sikwenda. Andrea alitaka kuyafuata, na Gaspari akamkataza mbele ya watu. Kisha akaja, akasimama mbele yangu na kunizibia jua.

"Nakuja kukupasha habari tu," akasema. "Mbwa ya kapita inanenepa sana."

Nilichukia. Mbwa yule alikuwa mwizi wa mayai na nilimfahamu. Asubuhi iliyofuata nikasimama, nikajikokota mpaka kwenye jiwe, na njia ile ambayo Veronika aliipita na mtungi kichwani bila kupumzika, mimi niliipumzikia mara nyingi. Gaspari alikuwa amekaa hapo. Hakunisifu. Hakuniuliza nimelalaje. Alisogea kidogo nipate nafasi, akaanza kunieleza kuhusu ng'ombe wake Gaju, aliyekuwa anakataa ndama wake. Nikanywa maziwa. Hayakuwa na ladha. Nikarudi.

Ndivyo tulivyofanya kiangazi chote kilichobaki. Baadaye alikuja na nyuzi za migomba, akasema kamba za ndama zimekatika na vijana hawajui kusokota. Nikasokota. Zilikuwa mbaya, akazichukua. Andrea alimwendea Gaspari akilalamika, "Papa Gaspari, bantu batasema tunamutesa muzee," naye akajibu, "Baseme. Mudomo haina mufuniko." Mvua zilipoanza nikaomba kisu changu darini. Maharagwe yalipoota nikaomba jembe. Andrea alinipa akiwa ametazama pembeni, kana kwamba namvua nguo hadharani, na nilimhurumia. Siku moja, wakati wa kupalilia, nililia kwa ajili ya Veronika katikati ya shamba, kwa sauti, mpaka kunguru wakaruka. Ilikuwa raha kubwa kuliko pombe.

Sikupona kama mtu anavyopona malaria. Ule uzito ulirudi nyuma hatua chache, ukakaa hapo ukinitazama. Lakini niliishi. Miaka kadhaa tulikaa hivyo, mimi na Gaspari, kila asubuhi jiweni, tukibishana juu ya mambo yasiyo na maana. Na mimi, kama wote, nilidhani kwamba yeye ndiye mganga na mimi ndiye mgonjwa.

Gaspari alikuwa na wana, mkubwa wao ni Tito, mtu mwema, wa misa kila Jumapili. Walipokuwa watu wazima walimjengea baba yao nyumba ya mabati karibu na njia, mbali na tope la zizi. Watu walikuja kuitazama. Siku hiyo hiyo Tito akapokea fimbo ya kuchungia kutoka mkononi mwa baba yake mbele ya wageni, na mifugo yote ikahamia juu zaidi kwenye nyasi mpya.

"Muzee wetu apumuzike," Tito alisema. "Ametumika sana juu yetu."

Watu walipiga makofi. Gaspari alitabasamu akashukuru, maana angefanya nini? Kwao huko malishoni, mzee akikataa kukabidhi ng'ombe anautangazia ulimwengu kwamba hana wana. Mimi peke yangu sikupiga makofi. Nililitazama jembe langu, na nilichokumbuka ni lile tuta na mikono miwili ya Andrea.

Asubuhi iliyofuata maziwa aliyaleta Tito, mpaka mlangoni kwangu, kwa heshima. Nilikwenda jiweni hata hivyo. Gaspari hakuja. Nikapanda mpaka kwenye mabati yake, nikamkuta ameketi kwenye kiti kizuri, kichwa wazi. Kofia ilikuwa imetundikwa msumarini. Viganja vyake vilikuwa juu ya magoti, vimetazama juu, kama vya mtu aliyenyang'anywa sahani.

Nilikwenda kwa Tito. Alinipa kiti, akanipa mashanza, maziwa ya kuganda, akakaa chini kuliko mimi.

"Mumurudishie hata ng'ombe moja," nikamwambia. "Gaju peke yake. Amukamue."

"Papa Stefano, bantu batasema nini? Muzee anakamua, na batoto beko?"

"Batasema iko muzima."

Alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. Kisha akanisindikiza mpaka nusu ya njia, akanibebea fimbo. Ukuta wa mawe ungenielewa upesi zaidi, maana ukuta hauna adabu. Nikalisema jambo hilo mbele ya wazee baada ya misa. Wote waliitikia kwa vichwa. Wengine walikumbuka ugonjwa wangu na kusema kweli, kweli. Kisha wakaenda kula. Nani angethubutu kumfundisha mwana wa mtu namna ya kumheshimu baba yake?

Nikajaribu dawa yake mwenyewe. Nilisuka kikapu kidogo, nikakiweka juu ya jiwe, nikapanda mpaka kwake na kupiga kelele kwamba kikapu chake kiko chemchemi, akitaka aje akichukue. Gaspari alinitazama kwa upole mwingi.

"Stefano," akasema, "ile dawa naijua. Ni mimi niliipika."

Nikaketi chini, karibu na kiti chake.

"Unafikiri nilikuwa nashuka ku jiwe juu ya kukusaidia weye?" akaendelea. "Kisha mama watoto kufa, kama sina ng'ombe ya kukamua na muzee wa kutukana asubuhi, singeamuka. Nilikuwa naamuka juu ya Gaju, na juu yako. Sasa Gaju iko na Tito. Na weye umepona."

"Sijapona."

"Umepona kidogo ya kutosha," akasema, na hapo akachoka kusema.

Basi nikakaa naye. Nilikuwa na jembe, nilikuwa na kisu, nilikuwa naijua njia yote anayoipita, na haikusaidia kitu. Niliona chumvi na majivu vikiwa kitu kimoja kwake. Niliona mkanda ukiingia matundu. Nilisokotea kamba mlangoni kwake, nikamtupia nyuzi, zikabaki zilipoangukia. Wanawe walimletea nyama, blanketi, padri. Kila walicholeta kilikuwa kizuri, na kila kilichokuwa kizuri kilimketisha zaidi. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo.

Kiangazi kilipoingia akaacha kula, na machela ikateremshwa. Mimi nikaingiza bega kichwani, upande wa kulia. Walinikataza, mzee kama mimi, nikawaambia asiyebeba habebwi, na kwamba nina mpango wa kubebwa. Hawakucheka. Alikuwa mwepesi kuliko kikapu cha viazi.

Njia ya misioni hupita chini ya malisho. Upepo ulileta harufu ya zizi, kisha tukasikia ng'ombe. Gaspari akafungua macho.

"Muniteremushe."

"Hapana, Papa," Tito akasema, "lala tu, tunakubeba vizuri."

"Muniteremushe. Nina miguu."

Wakaendelea kutembea. Wote walikuwa wanamheshimu. Mimi nikapiga goti moja chini, na machela ikainama upande wangu, ikawabidi wengine washuke pia, huku wakinifokea. Nikampa mkono. Tulikwenda pamoja juu ya nyasi kavu, wazee wawili, sijui nani alimshikilia mwenzake. Gaju alikuwa amezeeka pia, mbavu nje. Gaspari akamwita kwa jina, akamwambia maneno ya Kinyarwanda ambayo sikuyajua na sikuyauliza. Akaweka paji la uso kwenye ubavu wa yule ng'ombe, kama mtu anayekamua, na mikono ikashuka yenyewe. Hakukuwa na maziwa mengi. Yalidondoka majanini.

Tito alisimama kando na fimbo ya baba yake. Uso ulikuwa umelowa wote. Alikuwa ameelewa, nadhani, lakini kuelewa kulikuja kumechelewa sana. Gaspari akarudi mwenyewe kwenye machela, akalala, akavuta shuka. Alikufa hospitalini kabla ya mvua.

Kwetu, machela iliyorudisha maiti haitundikwi tena. Huachwa juu ya kaburi mpaka ioze. Kwa hiyo kilima hakina machela, na ninasuka nyingine. Vijana wanataka kunisaidia kwa kunipokonya, nawafukuza. Wajane wawili na mzee mmoja kiziwi huja asubuhi kunisokotea kamba. Kamba zao ni mbaya na nazichukua zote. Kama mna mzee nyumbani, nawaomba, mpeni kamba mbaya za kusokota, mtukaneni kidogo, msimlaze. Sisemi atapona.

Baada ya matanga niliamka na ule uzito umerudi wote, umekaa kifuani mahali pake pa zamani. Nikangoja Tito alete maziwa mlangoni, kama alivyozoea. Jua likapanda, hakuja. Nikamtuma Sifa aulize kama kuna msiba mwingine. Akarudi anasitasita, akiona aibu kuniambia.

"Tito anasema, Papa wake aliacha neno ku hospitali," akasema. "Neno moja tu. Maziwa ya Stefano, usimufikishie ku nyumba."

Kibuyu kipo jiweni kila asubuhi tangu siku hiyo. Sitaki kwenda. Hakuna anayeningoja huko, na mbwa wa kapita alishakufa. Navaa koti, nachukua fimbo, nakwenda.